Saa Nilizokula za Mjane wa Kiriba

Admin, ficha jina langu kabisa, maana mimi hapa Musoma si mtu mdogo. Kuanzia Mukendo mpaka Nyamuswa mahari haipangwi kabla sijafika. Kuna mkubwa mmoja, simtaji, alisimamisha gari Butiama katikati ya barabara anisalimie tu. Shule niliishia darasa la sita, ila kichwa changu wanakijua. Nina miaka hamsini na mbili, mke mmoja, watoto wameshajitegemea.

Sasa ndugu zangu, hili lililonipata nimeshindwa kumwambia hata mke wangu.

Mtaani kwetu tuna kikundi tunakiitaga benki ya saa, hata watu wa vijijini wamejiunga. Pesa haimo. Ukimsaidia mwenzako saa moja kwa kazi unayoiweza, unahesabiwa saa moja, halafu utaidai kwa mwanakikundi yeyote, si lazima yule uliyemsaidia. Saa ya fundi umeme ni sawasawa na saa ya anayefua. Hata kuanza kwa kusaidiwa ruksa, mradi ukiitwa utoke. Siku ya kujiunga kila mtu alitaja anachokiweza, huyu kusuka, yule kufundisha hesabu. Zamu yangu nikasimama: "Mimi ni ng'ombe tu! Nimezaliwa zizini. Kulima kwa plau, jozi naifunga nimefumba macho!" Wakapiga makofi.

Basi nikaanza kuzila hizo saa. Fundi akaniziba bati linalovuja. Mama mkwe alipolazwa, mwenzetu mmoja, mjane wa Kiriba, ndiye alikaa naye wodini mchana kutwa, anamlisha, anamgeuza. Mimi nilikuwaga napita jioni kuwasimulia wagonjwa nilivyomfukuza simba kwa ndala.

Mvua zikaanza. Mjane akapiga simu. "Shemeji, leo nadai saa zangu. Ng'ombe wa marehemu wapo, plau ipo, mtu wa kuwaswaga ndiye sina. Nikichelewa mahindi hayatawahi mvua, na wanangu wanakula shamba hilo hilo."

Nikamjibu, "Shemeji, kwangu hiyo ni kazi ya kabla ya chai."

Nikaenda. Nimekuta ugali na sato vimeshaandaliwa, majirani wamejaa kuniangalia bingwa kutoka mjini. Nikabeba nira, nikasogea. Dume jekundu likageuza kichwa, likanipulizia pua usoni. Nikatupa nira, nikajishika kiuno: "Yalaa! Kiuno kimekamata!"

Mzee mmoja jirani akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Kiuno gani hicho kinachokamatwa na pumzi ya ng'ombe?"

Mjane akamkemea. "Mwacheni shemeji yangu, mtu ameumia!"

Nikarudi mjini na bodaboda, naguna kila shimo. Tangu siku hiyo niko kitandani, mzima kama chuma. Kuna mwanakikundi wa Nyamuswa anaijua sana plau, alijitolea aende badala yangu. Mjane kamkatalia. "Shemeji atajisikia vibaya, acha nimsubiri apone." Majirani zake mahindi yameshachomoza. Kwake ni magugu matupu.

Na juzi akaja hapa nyumbani na majani ya kuchemsha. Akanilaza kifudifudi, akanikanda kiuno hiki kwa maji ya moto mpaka mikono yake ikawa myekundu. Mke wangu akamwambia, "Dada, hizo saa tukuhesabie." Akasema, "Hizi msihesabu. Ameumia akija kunilimia mimi."

Nikageuzia uso ukutani. Mke wangu akauliza, "Baba, maji yamekuunguza?" Nikasema ndiyo.

Jumamosi kikundi kinakutana. Wameshapanga wapokezane kuja kunifulia na kunitekea maji mpaka nipone. Nikisema ukweli, huyu wa Nyamuswa ataingia shambani kesho yake, na pengine mvua zilizobaki zitamtosha yule mama. Nikinyamaza, watoto wake mwaka huu watakula nini? Lakini nikisema, mtu mzima kama mimi, Mmara wa damu, nitapita wapi hapa mjini? Mke wangu nitamtazama na macho gani? Nyie mnaosoma, nisaidieni namna ya kuanza, maana mdomo huu unaojua kusema yote, kwa hili umekauka.

Kiuno hakina kitu. Naogopa ng'ombe. Hata ndama.