Simu Iliyofukizwa Udi

Asubuhi sokoni Konde, katika chumba chake cha ufundi, Modester anainusa simu ya mteja kabla hajaifungua. Anainusa tena, anatabasamu.

"Bi Shariffa, hii umeifukiza?"

Bi Shariffa wa Mgogoni, aliyeketi naye bega kwa bega, anakiri. Simu ni ya mtumba, ilimjia na manukato ya mtu asiyemjua. Akaiweka juu ya chetezo cha udi kama afanyavyo nguo zake.

"Kitu cha mtu n'takiingizaje ndani hivi hivi, mwanangu?"

Haya, msomaji, tegua hiki: mgeni gani husikia kila neno, kujibu hawezi? Ndiyo simu hiyo. Tangu ifukizwe, Bi Shariffa humsikia anayempigia, yeye hasikiki.

Na anayepiga ni bintiye Shadya, yuko Maskati. Waliagana vibaya, mama hakutaka aende. Juzi Shadya kapiga kusema amejifungua, akakutana na kimya.

"Mama, kumbe radhi bado umeninyima?" akauliza, akakata.

Masikini, mama wa watu alikuwa akimwombea mjukuu dua kwa sauti yake yote. Akajaribu simu ya jirani, lakini Shadya hapokei namba asiyoijua.

Modester ni mtu wa Bukoba, alimfuata mumewe mwalimu Pemba. Ufundi alikuja nao, akidhani hapa hautamfaa kitu. Kumbe wanawake walikuwa wakimngoja. Simu zao zina picha za harusini, vichwa wazi, na nani atampa fundi mwanamume? Modester humkalisha mwenye simu ubavuni, aifungue kwa mkono wake. Siku njema hupata kama shilingi elfu ishirini.

"Mimi Mkristo wa bara, wakaniamini na mambo ya ndani mwao," anasema. "Nawashukuru mpaka leo."

Anajaribu kurekodi sauti: kimya. Anaifungua. Kwenye kitundu cha maiki, moshi wa udi uliotiwa sukari umeganda mweusi kama lami. Anausugua kwa spiriti na mswaki laini. Anarekodi tena, unatoka mnong'ono tu. Basi anachomoa maiki ya simu nyingine iliyokufa kioo, anaipachika. Safari hii Bi Shariffa anaisikia sauti yake mwenyewe, anashtuka.

Anapiga Maskati.

"Shadya, wanisikia?"

Wateja wanaongoja zamu nje barazani wametega masikio yote ndani.

"Nakusikia, mama."

"Radhi zangu unazo. Unazo tangu siku ile uliyoondoka."

Modester anainuka, anawatoa watu wote barazani, naye anasimama nao juani mpaka dua za mjukuu ziishe. Bi Shariffa anatoka macho mekundu, anamshika mkono.

"Na wewe, mwanangu, nakupa radhi zangu."

Modester anadunduliza fedha akodi chumba cha pili, kidogo tu.

"Simu ikipona, mtu huongea papo hapo," anasema. "Nataka chumba chenye mlango, niwafungie wazungumze."