Matuta Yaliyopindishwa na Rumba

Miaka ile ya sabini sikuweza kukaa mahali pamoja misimu miwili. Nilitoka kwetu Ushirombo nikazurura, na kila nilipofika nilijifunza ngoma ya hapo. Kigoma nilisimama nyuma ya wapigaji wa Kirundi mpaka kifua kikawa kinatetemeka. Mjini Shinyanga, Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa alinifundisha tabla kidogo, wateja wakisubiri. Rumba ya Kongo niliipata redioni. Nikajiona nimeiva.

Mvua za kwanza zilinikuta Kishapu, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Kikundi cha kulima cha kijiji kilikuwa na shida: mpiga ngoma wao ameota jipu kwapa la kulia. Majembe yao huinuka na kushuka pamoja kwa kufuata ngoma. Bila ngoma hawalimi. Shemeji akanipeleka kwa manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo zao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unajua kupiga?"

"Kuna ngoma nisiyoijua?"

Akanivika ngoma shingoni. "Leo tunalima kwa mjane. Ukitufikisha saa sita vizuri, msimu huu utapiga na sisi."

Nilikitaka kitu hicho kuliko chochote. Nikaanza polepole, watu wamejipanga mstari mmoja. Walipochangamka nikatia rumba. Viuno vikazunguka, vijana wakarusha majembe juu na kuyadaka, wanawake wakapiga vigelegele. Nikaongeza vidole vya tabla juu yake.

Mjane akaja kukagua. Akasimama kwenye ncha ya matuta matatu tuliyomaliza. Yamepinda kama njia ya ng'ombe.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa nitapanda pamba au nitafuga nyoka?"

"Mwache, mama," akadakia mmoja, "ametuletea harusi shambani!"

Walicheka wote, isipokuwa manju. Alinivua ngoma shingoni, akampa mwenye jipu, aliyekuwa amekaa kando akitutazama, aipige kwa mkono wa kushoto, mimi akanipa jembe. "Anza na hili."

Pigo la yule mgonjwa lilikuwa moja tu, linajirudia. Nililidharau. Lakini tulipofika tuta la pili mgongo wangu ulishaelewa: kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi, na ndani yake jembe lilizama kwenye udongo mweusi, likavuta bonge, nami nikavuta pumzi. Nafasi hiyo ndiyo niliyokuwa nimeijaza madoido.

"Baba, naomba ngoma," nikasema.

"Rumba imekwisha?"

"Imekwisha."

"Haya, piga."

Nilipiga nikitazama migongo, si nyuso. Jua lilipofika utosini mjane alirudi, akainama, akafumba jicho moja na kuyapima matuta mapya kwa lile lingine.

"Haya sasa ni matuta," akasema. "Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma, na kibuyu cha kwanza cha togwa akanipa mimi.

Manju hakunisifu. "Kesho uwahi," alisema. "Ngoma ukalale nayo kwa shemeji yako."

Msimu ule sikuhama. Jipu lilipopona, mwenzangu akarudi tukawa tunapokezana. Yale matuta matatu mjane alikataa yanyooshwe, na pamba ilipopasuka wapita njia walikuwa wakioneshana kwa kidole: "Ile pale, rumba."