Kumpa Mtu Rezo

Kwetu Bunia, mashariki ya Kongo, hatukuwa na upungufu wa maneno ya kumwambia mtu kwamba amepita kiasi. Mtoto aliyekataa kuogeshwa alikuwa na kichwa nguvu, na mama aliyesema hivyo alisema huku anacheka. Jirani aliyefungulia redio mpaka kuta zikatikisika aliambiwa anazidisha, akapunguza, yakaisha. Aliyeshindwa ubishi hakuwa na rezo. Hilo tulilitoa kwenye Kifaransa tukalifanya letu: aliyeshinda anapewa rezo, aliyeshindwa ananyimwa. Juu ya yote hayo kulikuwa na "hauna akili", na hilo mtu mzima haambiwi, sembuse baba mzazi.

Baba yangu alifundisha Kifaransa shule ya sekondari mpaka akastaafu, na rezo yetu ilimkera sana. Alituambia kwamba kule lilikotoka, neno hilo ni nyumba ya vyumba viwili, akili inalala kimoja na haki inalala cha pili. Sisi wa Bunia tumeingia kwenye haki tu, chumba cha akili hatujawahi kukifagia. Maneno hayo aliyarudia mara nyingi kupita kiasi, nami nilikuwa nikiondoka nikachambue maharage.

Tuliishi mtaa wa Rwambuzi, baba, mimi na wanangu wawili, na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alipenda ubishi kuliko chakula, na mdogo wangu peke yake ndiye aliyemshinda. Akishindwa naye aliinua mikono yote miwili, akampa rezo mbele ya wageni. Mimi hakunipa. Sikuwa na muda wa kubishana, na nikiri kwamba kuna siku niliona wivu.

Vita vilipokuwa vimekwisha kuzoeleka, mdogo wangu alikwenda Tchomia, ziwani, kuleta samaki wakavu, kama alivyofanya tangu zamani. Aliondoka siku ya Jumatatu, akasema atarudi samedi, yaani Jumamosi. Jumatano risasi zilianza upande wa pili wa mji. Alhamisi watu wa mtaa wetu walifunga magodoro. Ijumaa asubuhi kundi la mwisho lilikuwa barabarani, linakwenda kwa miguu kupitia Irumu kuelekea Beni, ambako shangazi yangu alikuwa na nyumba.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, viatu hajavaa. Alikuwa anaomba tumngoje mdogo wangu siku moja tu.

"Akikuya akute kadena ku mulango, atafikiri nini?" aliniuliza, akionyesha kufuli mkononi mwangu.

Nilimweleza kwamba nimeacha ujumbe wa njia tunayopita kwa jirani mmoja, bibi kizee aliyekuwa haendi popote. Nilimweleza kwamba kesho hatutakuwa na mtu wa kutembea naye, na kwamba barabara ya Tchomia huenda imefungwa, kwa hiyo samedi yenyewe haipo tena. Nilikuwa sijalala siku mbili. Mtoto wangu mdogo alikuwa analia, mkubwa ameacha kulia, na hilo lilinitisha zaidi. Baba akarudia lile lile, siku moja. Nilitaka kumwambia hana rezo. Likatoka neno jingine.

"Baba, weye hauna tena akili. Unataka siye wote tukufe juu ya mutu moja?"

Nilingoja anifukuze, au hata anipige, ingawa hakuwahi kunipiga. Aliniangalia, akainama akavaa viatu, na alipomaliza kufunga kamba akasema bila kuinua uso, "Uko na rezo." Hakuinua mikono. Tukafunga mlango, tukaenda.

Bibi kizee yule alifika Beni baada ya miezi mingi, amekonda, na ndiye aliyetueleza. Mdogo wangu alirudi Jumamosi, saa tisa mchana, na gunia la samaki kichwani. Alipita porini barabara ilipokuwa imefungwa, kwa sababu alijua tunamngoja. Alipokuta mlango umefungwa akamwendea bibi, akapewa ujumbe wangu kama nilivyouacha, neno kwa neno. Akamwachia bibi samaki, akashika njia ya Irumu kutufuata. Jioni ile walioshika njia hiyo walikuwa wachache. Hakuna aliyemwona tena.

Nimechoka kuulizwa kama tungeweza kungoja. Ndiyo, tungeweza. Huenda tungekufa sote Jumamosi asubuhi, huenda tungekuwa tunakula samaki wale Jumamosi jioni. Nimepiga hesabu hiyo miaka yote, na kila mara inanipa mimi haki, na haijanisaidia kitu.

Baba hakunilaumu. Tangu siku ile hakunibishia hata mara moja. Nikisema mvua itanyesha, nina rezo. Nikisema chumvi imezidi, nina rezo. Mtu aliyekuwa anaweza kugombana na redio aliketi kwenye ua wa shangazi akinipa rezo asubuhi na jioni, kwa upole, kama mtu anayemjibu mkubwa wake kazini. Nilichukia upole huo. Kuna siku nilisema makusudi kwamba Tchomia iko mlimani, ili tu anikatalie, akatikisa kichwa kukubali.

Mwaka wa tatu ukoo ulikutana kwa shangazi. Walisema ni wakati wa kumfanyia mdogo wangu matanga, tumlie, tunyoe nywele, tumalize. Mchungaji alikubali. Wote walikubali, na mimi nilikubali, maana mtu hawezi kuishi shingo imegeukia barabarani siku zote. Nikatumwa nje kwa baba kumwambia, kwa kuwa mimi huwa hanipingi.

Nilimweleza polepole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Hiyo hamutafanya. Mutoto wangu iko mu njia."

Nilikuwa na majibu yote. Niliyasikia yakijipanga mdomoni, yote ya kweli. Nikarudi ndani nikawaambia ukoo kwamba hakuna matanga. Shangazi akaniuliza kwa sababu gani. Nikasema sina sababu, nikatoka nje na kigoda, nikaketi na baba tukiangalia barabara.