Malkia wa Mpaka na Foleni ya Salamu

Ketrina Simbeye alikuwa na majina matatu. La ubatizo lilitumika kanisani na hospitalini. Mtaani Chapwa, pale Tunduma, aliitwa Mama Aida, kwa binti yake wa kwanza. La tatu alijipa mwenyewe, na ndilo alilolipenda kuliko yote: Malkia wa Mpaka. Ukimwita hivyo mezani kwake sokoni alikuongezea konzi ya maharage bila kuombwa, kisha akajifanya hajaona mkono wake umefanya nini.

Jina hilo lilizaliwa na redio. Mwaka 2009 Chapwa ilipata redio yake ya jamii, Redio Upepo, chumba kimoja na mnara juu ya kilima. Mchanga na kokoto walibeba wananchi wenyewe, Ketrina akiwemo. Siku ya uzinduzi mchungaji aliomba, halafu shehe akaomba, halafu mchungaji akakumbuka jambo alilosahau kuliombea, na matangazo yakaanza kwa kuchelewa.

Kipindi kilichopendwa kilikuwa cha salamu. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako la redioni, wimbo unaoutaka na watu unaowasalimu, ukaitumbukiza kwenye sanduku. Jioni mtangazaji Violet aliisoma, na kwa muda huo wewe ulikuwa mtu mkubwa kuanzia Tunduma mpaka Hasamba, kule Mbozi. Kadi hizo hizo zilibeba pia mambo ya watu: msiba, mkutano wa wazazi, mbuzi aliyepotea.

Ketrina hakukosa jioni hata moja. Alimsalimu mumewe Amoni, seremala mpole, aliyekuwa amekaa ubavuni pake wakisikiliza pamoja. Alimsalimu shoga yake Mwajuma, muuza mchele aliyekuja zamani kutoka Kondoa, "popote pale alipo", ingawa meza ya Mwajuma iligusana na yake na kila mtu sokoni alijua alipo.

Mambo yalianza kuharibika mwaka 2013, alipokuja meneja mpya, Lusajo, kijana msomi kutoka Mbeya, mwenye adabu na shati lililonyooka. Aliikuta redio ina deni la umeme na jenereta linalokohoa. Akabuni Salamu za Dhahabu. Mwenye duka la saruji au malori akilipia mwezi mzima, salamu zake husomwa kwanza, hata zikiwa ndefu kama historia ya ukoo. Zikibaki dakika, ndipo zinapofuata za watu wa kawaida. Dakika hazikubaki.

Siku ya kwanza jina la Malkia halikusikika. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ketrina akaanza kupika chumvi nyingi.

"Mama Aida," Amoni akamwambia, "hao unaowasalimu si unawaona kila siku?"

"Kusikika ni kitu kingine, Baba Aida."

Tusimpambe. Hasira yake ya kwanza ilikuwa ya jina lake. Aliyemtoa hapo ni ng'ombe wa Enesi.

Enesi alikuwa mdogo wake, binti wa mama yake mdogo, aliyeolewa Hasamba. Ng'ombe wao mwekundu, mwenye pembe moja iliyovunjika, alipotea. Enesi akapeleka kadi: atakayemwona amshike, amtaarifu mwenyewe. Kadi ikalala sandukuni nyuma ya saruji na mabati. Wakati huo ng'ombe alishiba alikokuwa, akarudi nyumbani kwa miguu yake, akasamehewa. Juma lililofuata, siku ambayo matajiri walikuwa harusini na salamu zao zikapungua, Violet akaisoma ile kadi kwa huruma nyingi.

Kesho yake Fanueli, mume wa Enesi, alikuwa akimpeleka ng'ombe huyo joshoni. Watu wakamzunguka.

"Huyu ng'ombe umemtoa wapi?"

"Nyumbani. Ni wangu."

"Wako vipi, na redio imesema ni wa Enesi wa Hasamba?"

"Enesi ni mke wangu!"

"Kila mwizi ana mke," mmoja akasema, na hoja hiyo ikaonekana nzito. Fanueli akafikishwa ofisi ya mtendaji, kamba ya ng'ombe mkononi, huku wapiga filimbi wakimsindikiza. Enesi alipoitwa kumtambua, kwanza alimwuliza mumewe, "Umefanya nini tena?" Swali hilo halikumsaidia.

Aliachiwa jioni. Enesi alipanda gari mpaka Tunduma kumsimulia dada yake. Ketrina alicheka mpaka akashika meza, Mwajuma akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Enesi hakucheka.

"Dada, ninyi mnacheka. Je, ingekuwa msiba? Watu wangekuja kunizika baada ya arobaini?"

Ketrina akafunika maharage yake kwa turubai saa ile ile, akamvuta Mwajuma mkono, wakapanda kilimani.

Lusajo aliwapokea vizuri, akawapa viti na soda. "Shikamooni. Mama zangu, redio inakula umeme. Wanaolipa zaidi ndio wanaousimamisha mnara."

"Marahaba, mwanangu," Ketrina akajibu. "Wausimamishe. Watangaze saruji yao asubuhi na mchana, tutaisikiliza mpaka tuote tunajenga. Lakini saa ya salamu ni njia ya wote. Mchanga wa mnara huu niliubeba kwa kichwa hiki, hakuna aliyeniambia kuna ndoo za dhahabu. Kila kadi na isomwe kwa zamu yake. Hata malori hapo mpakani yanapanga foleni."

"Shoga," Mwajuma akamnong'oneza, "malori usiyataje. Pale wanaoruka foleni tunawajua."

Lusajo akatabasamu. "Nimewasikia. Tutalifanyia kazi."

"Likitoka kazini mtuambie," Mwajuma akasema, wakashuka.

Halikutoka kazini. Jumapili Ketrina akawakusanya watuma salamu uani mwa kanisa. Walikuja wengi, wakajitambulisha kwa majina yao ya redioni, kazi iliyokula nusu ya mkutano kwa kuwa kila mmoja alikuwa na cheo: Jenerali wa Mlowo, Daktari wa Mapenzi, Simba Asiyenguruma. Walipomaliza kuvishana vyeo, Ketrina akatoa shauri lake. Kuanzia Jumatatu, asitume mtu kadi. Walinyoosha mikono wote. Wengine waliinyoosha kwa huzuni kama watu wanaoapa kuacha chai.

Jumatatu Violet alisoma salamu za dhahabu, akafungua sanduku, hakukuta kitu. Akacheza wimbo. Akacheza mwingine. Jumanne alimsalimu mama yake, shangazi zake na mwalimu wake wa darasa la tatu. Jumatano alisoma maelezo yaliyo kwenye betri. Huko majumbani watu walizungusha masafa wakakamata stesheni za Zambia, na wenye saruji wakaanza kulalamika kwamba wanalipa kusalimu hewa.

Aliyekaribia kuuvunja mgomo alikuwa kiongozi wake. Alhamisi mchana Mwajuma, akitoka kuswali, alimwona mtu aliyejitanda kitenge mpaka puani, anazungukazunguka sanduku la salamu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akamjua kwa viatu.

"Mama Aida, lete hiyo kadi."

"Kadi gani?"

"Hiyo iliyo kwapani."

Mwajuma akaisoma kwa sauti. Mtumaji: Msikilizaji Asiyejulikana, Chapwa. Anayesalimiwa: Malkia wa Mpaka. Ujumbe: Tumekukumbuka mno.

"Kumbe una mashabiki," Mwajuma akasema. Kisha akamwangalia shoga yake, akaona macho yamejaa machozi kweli kweli, akaacha utani. Akaichana ile kadi vipande vidogo, akamshika mkono wakarudi sokoni, na mchana kutwa, kila baada ya mteja, alimgeukia na kumwambia, "Salamu zako, Malkia, popote pale ulipo."

Ijumaa Lusajo aliita kikao. Waliketi wenye malori, watuma salamu, mchungaji na shehe. Wenye malori ndio waliokubali upesi. Walichotaka ni kusikika. Matangazo yao yakapewa saa yake, na salamu zikarudishwa kwenye foleni moja, ya tajiri na ya mkulima. Ubishi uliobaki ulikuwa wa misiba. Ketrina, aliyekwisha kunogewa na usawa, alisema hata msiba upange mstari.

"Maiti hangoji foleni," Mwajuma akamjibu. "Wala mgonjwa, wala mali iliyopotea. Hizo zipite, nyingine zote zamu kwa zamu."

Shehe na mchungaji waliafiki kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida, na Ketrina akakubali.

Ndipo Violet aliponyoosha kidole. "Samahani, mama zangu. Na zile za Malkia wa Mpaka je? Maana mimi tangu nianze kazi nilikuwa naziweka juu kabisa. Kila mwisho wa mwezi mama ananiletea maharage, nikaona si vizuri zikae chini."

Kikao kikalipuka kwa kicheko. Jenerali wa Mlowo alicheka mpaka cheo kikamshuka. Ketrina aliangalia sakafu. Kumbe miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa dhahabu, na hakuwa na habari. Maharage aliyapeleka kwa upendo tu, au ndivyo alivyodhani.

"Andikeni na jina langu kwenye foleni," akasema hatimaye. "Chini, linapostahili. Lakini maharage utaletewa, mwanangu. Hayo hayana uhusiano."

Wakamchagua papo hapo kuongoza kamati ya wasikilizaji.

Kamati ilipata jaribu lake mwaka uliofuata. Kijana wa kampuni moja ya simu alikuja na kompyuta ya mapajani na neno tamu: bure. Redio ingewekwa kwenye mtandao, na mwenye laini ya kampuni hiyo angeifungua bila kifurushi. Sharti lilikuwa dogo tu, kwamba salamu zote zipokelewe huko, sanduku liondolewe.

"Bure kwa nani?" Ketrina akauliza.

"Kwa wateja wetu wote, mama."

"Na wa Hasamba, ambako mnara wenu haufiki?"

"Tutafika."

"Mkifika tutaongea. Mtu akishafungua mtandao, mwacheni aende anakotaka kwa laini aliyo nayo. Sisi hatukatai bure. Tunakataa mlango mmoja wenye bawabu."

Lusajo, ambaye miezi michache nyuma angepiga hesabu ya jenereta kwanza, alisema anakubaliana na mwenyekiti. Kijana akafunga kompyuta yake. Vijana wa bodaboda waliokwisha kuota vya bure walimnunia Ketrina kwa muda mrefu, na jenereta likaendelea kukohoa. Redio iliingia mtandaoni taratibu, kwa ukurasa mwepesi unaofunguka kwenye simu ya laini yoyote, na sanduku likabaki pale pale.

Mwaka 2015 ukaingia ujumbe kutoka Kitwe, Zambia, kwa Kibemba, kutoka kwa watu wenye ndugu Tunduma. Violet alijaribu kuusoma, ulimi ukagoma. Akampigia simu Ketrina, aliyejifunza Kibemba kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka: njoo, mama, unisomee.

Alikuja na kitenge chake cha Pasaka. Aliketi mbele ya kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka, na mwanamke aliyekuwa na maneno kwa kila mtu akakosa hata moja. Violet akamgusa bega. "Mwapoleni mukwai," Ketrina akasalimu, kwa nguvu kiasi kwamba Violet alivua vifaa vya masikioni. Baada ya hapo hakukamatika. Aliusoma ujumbe, akautafsiri, akaisalimu Kitwe yote, akarudi kwa kupitia Nakonde, akavuka mpaka, na alipoanza ukoo wa Amoni, Violet akampandishia muziki taratibu.

Nyumbani alimkuta mumewe barazani.

"Ulinisikia, Baba Aida?"

"Nilikusikia," Amoni akasema. "Na majirani wamekusikia, hata wale wasio na redio."