Sheria Iliyotangulia Wafalme

Harufu ya kitambaa chenye maji kikipitiwa pasi ya moto ndiyo mtaa wa Doornfontein wa utoto wangu. Papa alikuwa mwalimu wa historia kule Bukavu, Kongo; Johannesburg ilimfanya fundi cherehani, lakini kumfunga mdomo, ng'o. Likizo moja ya baridi nilishinda naye karakanani, nikifumua mapindo huku akinieleza habari za waandishi wa Ulaya wa karne ya kumi na nane, walioandika historia kama mahakimu. Walisema ipo sheria ya maumbile, iliyotangulia wafalme, na kila mtu huzaliwa nayo moyoni. Kwa sheria hiyo wakawahukumu watawala waliokwisha kuoza makaburini. Papa aliwapenda na kuwasuta papo hapo, kwa kuwa baadhi yao walifaidi biashara ya watumwa huku wakihubiri utu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, alikuwa akisema, kwa binadamu mchungu. Mimi nilimjibu kwa Kiingereza, yeye akaendelea na Kiswahili chake cha Kivu.

Siku moja suti ya bwana harusi aliyoishona Papa ikapotea. Jioni mafundi wakamburuta ndani Bosco, Mrundi wa meza ya jirani. Walimkuta nayo mtaa wa Fordsburg akitafuta mnunuzi. Kwa desturi mwizi wa karakana hakupelekwa polisi, maana polisi wangeanza kwa kudai vibali vyetu sote vya kuishi nchini. Mwenye mali ndiye aliyekuwa akipiga wa kwanza, wengine wakimalizia. Papa akashika rula yake ya mbao, uso umemvimba kwa hasira. Niliogopa sana. Nilimwogopea Bosco, na nilimwogopea Papa zaidi, kwani nilijua akipiga sitaweza tena kumsikiliza. Nikasema kwa Kiswahili changu kibovu, "Papa, na huyu alizaliwa nayo ile sheria?"

"Eish, mtoto huyu," akaguna fundi mmoja.

Mkono wa Papa ulitetemeka, kisha akaiweka rula mezani. "Kaa, Bosco. Sema mwenyewe." Bosco akakaa, akalia, akaeleza mambo yake, mengine ya uongo. Aliondoka kwa miguu yake. Kwa muda mrefu mafundi hawakumwamkia Papa. Walimwita mwoga, na ilimuuma.

Leo mimi ndiye ninayefundisha historia, hapa hapa Johannesburg, na mitaani watu bado wanaburutwa, mara kwa wizi, mara kwa ugeni tu. Juzi mwanafunzi aliniuliza kama ile sheria ya maumbile ipo kweli, au ni maneno ya walioshiba. Nilimwambia niliiona mara moja, mkononi mwa baba yangu, na ilikuwa ikitetemeka.