Tulivyopigia Kura Paa la Soko

Miaka ile ya tisini mambo mengi Mwanza yalikuwa yameachiwa huru. Mitumba ilijaa mitaani, redio za kila rangi zilipangwa juu ya meza, na viwanda vya minofu vilichukua sangara wote wanono wakatuachia vichwa na mifupa. Soko letu dogo la Igogo nalo liliachiwa, kwa maana kwamba hakuna aliyelishughulikia. Halikuwa na paa wala choo. Mvua ikianza, akina mama walifunika bidhaa zao kwa magunia, halafu wakajifunika wenyewe kwa yaliyobaki.

"Hili ndilo soko huria," Mama alikuwa akisema. "Hata mvua ina uhuru wa kuingia."

Mama aliuza dagaa pale tangu alipohama Nansio. Ubavuni pake aliketi mwanamke mmoja wa Bukoba, muuza ndizi. Hao wawili waligombana kila siku iendayo kwa Mungu. Mama alidai ndizi zilizoiva zinamletea nzi. Yule wa ndizi alijibu kwamba nzi walihamia pale kwa ajili ya dagaa, ndizi wamezikuta tu. Mimi, niliyekuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi hapo jirani, niliamini kabisa kwamba hawapendani.

Siku moja diwani wetu alinifuata darasani, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Halmashauri, alisema, inataka kukopa fedha ijenge paa na vyoo vya soko, na deni litalipwa pole pole kwa ushuru wa wauzaji. Lakini wakopeshaji wameweka sharti. Wananchi wenyewe waulizwe kwanza, na wakubali si kwa wingi tu, bali kwa theluthi mbili ya watakaohudhuria mkutano.

"Nakuomba uwe katibu, mwalimu," alisema. "Unajua kuandika, na watu wanakuogopa kidogo."

Nilikubali. Jioni nikampelekea Mama habari, nikidhani atafurahi.

"Mimi kula yangu siitoi," alisema.

"Kura, Mama."

"Ndiyo hiyo hiyo. Kula yangu siitoi."

Nilimuuliza sababu. Akasema deni ni deni, akageuka kuchambua dagaa, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jumamosi ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Kumbe mtu aliyezunguka mitaani na kipaza sauti alikuwa na ulimi kama wa Mama. Alitangaza kwamba wakazi wote wanaalikwa kula Jumamosi saa nne, kwa hiyo familia kadhaa zilikuja na sahani. Diwani aliwaeleza kwa upole. Wachache waliondoka wakinung'unika, lakini wengi walibaki, maana walikuwa wameshafika na kivuli kilikuwepo.

Diwani akanipa karatasi iliyotoka ofisini ili nisome swali. Nikasoma kwa sauti: "Je, kuna mkazi asiyekubali kwamba halmashauri isikose kukopa kwa ajili ya soko?"

Nikasoma tena, taratibu zaidi, na hapo nikagundua kwamba hata mimi sijui jibu.

"Ndiyo!" mtu mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo nini?" akauliza diwani.

"Ndiyo sijaelewa!"

Tulijaribu hivyo hivyo. Wanaosema ndiyo walinyoosha mikono karibu wote. Tukauliza wanaosema hapana, wakanyoosha wale wale. Mwanamke mmoja aliyekuwa mbele alinyoosha mikono yote miwili mara zote mbili, ili asimkosee mtu. Nikamwomba diwani ruhusa, nikaingia darasani, nikatoka na ubao mdogo. Nikaandika kwa chaki: TUKOPE TUJENGE PAA NA VYOO? NDIYO AU HAPANA. Watu wakapiga makofi kana kwamba paa limeshajengwa.

Hapo ndipo aliposimama yule tuliyemwita Mzee wa Maturubai. Kazi yake ilikuwa kukodisha maturubai kwa wauzaji siku za mvua, na hakuna mtu Igogo aliyependa mawingu kuliko yeye. Hakupinga kwa maneno. Alinyoosha tu kidole kuelekea ukuta wa shule, ambako vijana wake wapatao ishirini walikuwa wamekaa juu, miguu inaning'inia.

"Wale nao wamehudhuria, mwalimu. Wahesabu."

"Lakini hawapigi kura," nikasema.

"Sharti linasema waliohudhuria. Halikusema waliopiga."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa hilo. Kila aliyekaa kimya juu ya ukuta ule alikuwa sawa na hapana. Diwani alijaribu kuokoa jahazi. Akasema aliye juu ya ukuta hayuko ndani wala nje. Wakabishana kuhusu kijana mmoja aliyekuwa na mguu mmoja huku na mwingine barabarani, mpaka kijana mwenyewe akachoka akaruka ndani. Tukawahesabu wote. Jumla ikawa watu mia na themanini. Tulihitaji mia na ishirini.

Nikapita mstari kwa mstari nikihesabu mikono ya ndiyo, chaki sikioni. Nikarudia. Mikono ilikuwa mia na kumi na nane.

Nilipoinua macho niliwaona wawili wamesimama pamoja karibu na mlango wa darasa la kwanza, mikono imefungwa kifuani. Walikuwa Mama na yule mwanamke wa ndizi. Nilishangaa. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuona jambo lolote wakikubaliana.

"Mama," nikamwita, nikisahau kwamba mimi ni katibu, "mna nini?"

Watu wote wakageuka. Mama akasogea mbele, akavuta kanga yake begani.

"Mheshimiwa diwani, nina swali. Nimesikia soko jipya litapangwa. Dagaa upande wa ziwa, ndizi na mboga upande wa barabara. Ni kweli?"

Diwani akakiri kwamba kuna mchoro wa namna hiyo.

"Basi mimi nitaketi na nani?"

"Na wauza dagaa wenzako, mama."

"Hao nitagombana nao kuhusu nini? Wote tutakuwa tunanuka sawa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, hata wale wa ukutani. Yule wa ndizi hakucheka. Alisogea akasimama ubavuni pa Mama.

"Mimi nilipougua, huyu aliuza ndizi zangu mwezi mzima," alisema. "Aliziuza vibaya, lakini aliuza. Mkitutenganisha, hatutaki paa."

Diwani alitazama ubao, akanitazama mimi, kisha akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya ziwa.

"Mchoro si Msahafu," akasema. "Mwalimu, andika katika kumbukumbu za mkutano. Kila muuzaji abaki na jirani yake."

"Asome alichoandika," Mama akasema. Nikasoma. "Asome tena." Nikasoma tena. Ndipo ile mikono miwili ikapanda juu, na watu wakapiga vigelegele. Mzee wa Maturubai akawaita vijana wake washuke, maana mvua ilikuwa imeanza kudondoka na kulikuwa na kazi.

Njiani kurudi nyumbani, tumejifunika ubao, nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Nikuambie nini? Kwamba nampenda yule mwanamke? Habari ingemfikia, kichwa kikavimba."

Mkopo ulichelewa, lakini ulikuja. Paa lilijengwa, vyoo vikapata milango, na ushuru ukapanda. Mama aliulalamikia kila asubuhi na aliulipa kila asubuhi. Mzee wa Maturubai alihamia kwenye harusi na misiba, akatajirika kuliko mwanzo.

Wiki ya kwanza chini ya paa, mwanamke wa ndizi alinifuata shuleni. Akaniomba nitafute zile kumbukumbu nione kama sentensi moja inaweza kufutwa, kwa sababu zamani harufu ya dagaa ilichukuliwa na upepo, na sasa haikuwa na pa kwenda. Nilimwambia azungumze na Mama. Wakazungumza, na matokeo yake wakatundika kanga katikati ya meza zao. Wakawa wanagombana bila kuonana.

Nilipita mwezi mmoja baadaye, mchana wa jua kali. Kanga ilikuwa imekunjwa na kuwekwa juu ya mizani. Wote wawili walikuwa wamelala usingizi, vichwa vimeegemeana, na wateja watatu wakisubiri kimya waamke.