Moto Nilioulaza Mbugani

Mimi ni fundi wa majiko hapa mtaani Kawangware 56, na kama kuna kitu ninachokijua duniani basi ni moto. Naanza na hilo ili ujue niliondoka nyumbani na kichwa kikubwa kiasi gani.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya binti yangu Nekesa, aliyesomea kazi ya kuongoza wageni mbugani na aliyekuwa amebakiza mtihani mmoja tu: apeleke kikundi cha watu wasiopungua sita, walale mbugani usiku mmoja, warudi bila kuvunja sheria hata moja. Akifaulu anapata cheti, na kazi ilikuwa inamngoja. Wageni halisi hakuwa nao, basi akatuchukua sisi majirani. Mbuga iko upande wa Naivasha. Jina lake nitalibania.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tulikutana kwenye stendi: mimi, mafundi wanne wa pale kwetu bandani, na jirani yangu Mama Achieng, anayeuza omena, vile visamaki vidogo vya kukausha, sokoni Gatina. Yeye alikuja na sufuria kubwa na blanketi tatu, na mdomo wake kama kawaida.

"Hebu nielezeni," alisema. "Mtu ana nyumba, ana kitanda, anaenda kulala chini kwa hiari yake? Mimi nilitoka kijijini Nyakach nikikimbia hayo maneno!"

"Mama, ni usiku mmoja tu," Nekesa alimwambia. "Ukinisaidia leo hutanisikia nikisumbua tena."

"Wewe nitakusaidia. Hao fisi ndio sijui."

Saa nne na nusu tulikuwa langoni. Askari wa mbuga, mtu mrefu asiyecheka ovyo, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mtihani. Alitusomea sheria. Moto uwashwe ndani ya duara la mawe peke yake. Kuni zinunuliwe pale langoni. Muziki hapana. Na kabla ya kulala, moto umwagiwe maji mpaka mtu aweze kutia mkono kwenye majivu asiungue.

Hilo la kuni lilinichoma. Kote nilikotazama kulikuwa na matawi makavu yamejilalia tu.

"Afande," nikasema, "hata tawi hili lililokufa zamani?"

"Hilo ni nyumba ya mchwa na mijusi, mzee. Kila kikundi kikiokota kidogo, hapa patabaki mchanga."

"Sawa. Lakini habari ya kuzima moto usihangaike. Hapa unaongea na fundi wa majiko."

"Vizuri sana," alinijibu. "Ila anayefanya mtihani ni huyu dada."

Mchana wote niliuona uzuri wa kazi ya mwanangu. Alituonyesha mahali pa kusimamisha mahema mbali na njia ya wanyama, akamkataza Mama Achieng kumtupia ngiri maganda ya viazi, akatutembeza hadi kwenye magenge mekundu na kutuambia majina ya ndege kwa Kiswahili na kwa Kibukusu. Mafundi wangu, watu wa kelele za nyundo kutwa nzima, walikuwa wakimsikiliza kimya. Nilijivuna mpaka nikaona haya. Jioni tulipika ugali na omena, tukaota moto, na Mama Achieng mwenyewe akakiri kwamba hewa ya pale inashusha chakula.

Saa tatu Nekesa alisimama na ndoo ya maji. "Wazee wangu, ni saa ya kulala. Nazima moto."

"Leta hiyo ndoo," nikamwambia. "Hii ni kazi yangu. Wewe nenda uangalie mahema ya watu wako."

Alisita kidogo. Halafu akanipa.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu Bungoma moto hauzimwi, unalazwa. Kila jioni mama yangu alikuwa akikusanya makaa pamoja, anayafunika na majivu taratibu, na alfajiri anafukua, anapuliza, chai inachemka. Nyumba iliyoenda kuomba moto kwa jirani ilichekwa. Na kumwagia maji mahali pa kupikia, alituambia, ni kuiombea nyumba mabaya. Nilishika ile ndoo, na mkono ukakataa. Nikamwaga maji kwenye mawe pembeni ili yasikike yakichemka, kisha nikayalaza makaa kama nilivyofundishwa. Nilijiambia nitawaamsha watu na chai ya moto. Kile ambacho sikukifikiria ni kwamba jikoni kwa mama kulikuwa na kuta nne.

"Tayari?" Nekesa aliuliza kutoka kwenye mahema.

"Tayari."

"Sawa, Baba."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri upepo uliteremka kutoka kwenye magenge. Niliamshwa na sauti ya Mama Achieng: "Uuwi! Nyasi! Nyasi zinawaka!"

Nilitoka mbio bila viatu. Upepo ulikuwa umefukua majivu na kurusha cheche nje ya mawe, na nyasi zilikuwa zimeshika moto. Nekesa alifika kabla yangu. Hakupiga kelele. Wawili aliwatuma maji, sisi wengine akatupa blanketi zilizolowa, akatupanga upande unakokwenda upepo. Tulipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Moto ulipozimika, palikuwa na doa jeusi ukubwa wa chumba chetu kimoja cha kupanga.

"Tuhamishe hema moja liwe juu ya hilo doa," nikasema. "Afande anakuja saa moja. Hataona."

"Hata mimi naona hivyo," Mama Achieng akaunga mkono. "Mtoto asikose cheti kwa sababu ya nyasi."

Nekesa alinitazama. Uso ulikuwa umejaa masizi. "Hapana, Baba."

Afande alipofika, Nekesa ndiye aliyemwendea kwanza. "Moto ulitoka nje ya mawe. Makaa hayakuzimwa."

"Nani aliachiwa kuyazima?"

"Baba yangu."

Nikaruka katikati. "Ni mimi! Niandike mimi! Huyu hana kosa lolote!"

"Mzee, tulia," afande alisema, bila hasira. "Wewe ni mgeni, na mgeni hukosea. Kiongozi ndiye hukagua." Akamgeukia Nekesa. "Ulikagua?"

"Sikukagua."

Akaandika. Hakufaulu. Arudie mwezi ujao, na kikundi kingine ama hichohicho.

Njiani kurudi, tulipopita Limuru, nilisogea karibu na Nekesa. Nilitamani anifokee. Nilimwambia hivyo: nifokee, mama, nimekuharibia.

"Sina hasira na wewe," alisema. "Nina hasira na mimi. Wale wengine wote ningewakagua. Wewe niliona aibu. Nilijua labda hukuzima, Baba, nikaenda kulala."

Neno hilo liliniuma kuliko kufeli kwenyewe. Nilimlea asinikague, na nikaita hiyo adabu.

Mwezi uliofuata tulirudi, watu walewale. Saa tatu nilimwomba ndoo, na nikamwaga maji yote, nikakoroga, nikamwaga mengine. Nilikuwa na uhakika wa asilimia mia. Nikasema tayari.

Nekesa alikuja na tochi mpaka pale nilipokuwa. Mama Achieng na mafundi walikuwa wanatazama.

"Mzee," aliniita, vilevile ambavyo angemwita mgeni yeyote asiyemjua, "hebu sogea kando, nitie mkono mwenyewe."

Nikasogea.